Sura ya Nne: Vumbi la Benevento

Mwaka 785 hivi, Charlemagne, mfalme wa Wafranki, aliwatungia Wasaksoni sheria ya kuwaingiza katika Ukristo kwa nguvu. Alikuwa amepigana nao zaidi ya miaka kumi na uvumilivu ulikuwa umemwisha, kwa hiyo ni sheria ya kutisha. Atakayekataa kubatizwa, afe. Atakayekula nyama wakati wa Kwaresima kwa kuidharau dini, afe. Atakayechoma maiti kwa desturi ya wazee wake badala ya kuizika, afe. Katikati ya msururu huo kuna kifungu cha sita, ambacho humfanya msomaji wa leo arudie kusoma. Kinasema kwamba mtu akidanganywa na Ibilisi hata akaamini, kama wapagani waaminivyo, kwamba mwanamume au mwanamke fulani ni mchawi na hula watu, na kwa sababu hiyo akamchoma moto, au akaila nyama yake, au akawapa wengine waile, mtu huyo naye afe.

Anayeuawa hapa ni mchomaji. Hilo haliafikiani na picha tuliyozoea kupewa, ya Kanisa la Zama za Kati lililokaa likiwasaka vikongwe na kuwafunga kwenye vigingi. Vigingi vilikuwapo, lakini msako mkubwa ulikuja baadaye sana, kuanzia karne ya 15 hadi ya 17, wakati vitabu vilipokuwa tayari vinapigwa chapa na merikebu za Ulaya zinazunguka dunia. Katika karne tunazozungumzia hapa, tangu mwaka 500 hivi hadi 1000 na ushei, walioamini wachawi kwa dhati walikuwa watu wa vijijini na mijini, matajiri kwa maskini. Waliowakemea kwa imani hiyo walikuwa maaskofu.

Nitaeleza jinsi maaskofu walivyofikia msimamo huo, na kwa nini haukuwa imara kama unavyoonekana. Tuanzie Lyon.

Lyon ni mji uliopo pale mto Saône unapomwagika katika mto Rhône, kusini-mashariki mwa Ufaransa ya leo. Ni nchi ya nafaka na mizabibu, na kwa mwenye mizabibu hakuna adui kama mvua ya mawe. Robo saa tu ya mawe mwezi wa Julai, na kazi ya mwaka mzima imelala chini. Mwaka 816 mji huo ulipata askofu mkuu mpya, Agobard, mtu msomi, mkali wa kalamu, asiyependa kunyamaza hata pale ambapo kunyamaza kungemfaa. Miaka hiyohiyo aliandika risala juu ya mvua ya mawe na radi, na ni kwa sababu ya risala hiyo tunajua mambo ambayo wakulima wenyewe wasingeyaandika kamwe.

Karibu kila mtu katika nchi hii, anasema Agobard, awe bwana au mtu wa kawaida, wa mjini au wa shamba, mzee au kijana, anaamini kwamba mvua ya mawe na radi huletwa na watu. Wakisikia ngurumo husema upepo huo umeinuliwa, maana yake kuna fundi wa tufani aliyeuinua kwa maneno yake. Na mafundi hao hawakufanya kazi bure. Ilisemekana kuna nchi iitwayo Magonia, ambayo watu wake husafiri kwa merikebu juu ya mawingu. Nafaka iliyoangushwa na mvua ya mawe hupakiwa katika merikebu hizo na kupelekwa Magonia, na mabaharia wa angani huwalipa mafundi wa tufani ujira wao. Kumbe mvua ya mawe ilikuwa wizi uliopangwa, wenye mnunuzi, mchukuzi na dalali.

Siku moja Agobard alikuta kundi la watu wamewaleta mbele ya mkutano mateka wanne, wanaume watatu na mwanamke mmoja. Walikuwa wamefungwa minyororo kwa siku kadhaa. Walioleta mateka walidai kwamba hao wameanguka kutoka merikebu za Magonia, na walitaka wapigwe mawe. Walikuwa nani hasa? Yaelekea walikuwa wapita njia, watu wasiokuwa na ndugu mjini wa kusema "huyu ni wetu". Askofu alibishana na kundi hilo kwa muda mrefu, mpaka, kwa maneno yake, ukweli ukashinda na walioshtaki wakafedheheka. Wale wanne wakanusurika.

Ninachopenda kwa Agobard ni kwamba hakuishia kukemea. Alichunguza. Kila alipoambiwa kuna mtu aliyemwona fundi wa tufani kazini, alimtafuta huyo shahidi. Mmoja alipatikana, akashikilia kwa nguvu kwamba jambo ni kweli, akataja mtu, wakati na mahali. Alipobanwa kwa maswali alikiri kwamba yeye mwenyewe hakuwapo. Msomaji aliyekulia kijijini, au mjini kwa jambo hilo, amewahi kukutana na shahidi wa namna hiyo. Agobard aliwauliza pia swali la mkulima: juzi mlikosa kupanda kwa ajili ya ukame, mbona hamkuwaomba mafundi wenu walete mvua ardhi ilainike? Anayeweza kuleta mawe ashindwe kuleta manyunyu?

Ndani ya risala hiyo kuna lalamiko jingine. Kulikuwa na watu waliodai kwamba hawaleti tufani bali wanaizuia, na wanavijiji waliwatengea sehemu ya mavuno yao kila mwaka. Askofu analalamika kwamba watu haohao hawatoi zaka kanisani hata wakihubiriwa, wala hawawasaidii wajane na yatima, lakini mzuia tufani wanamlipa bila kuhimizwa na mtu. Zaka ilikuwa imefanywa lazima katika dola ya Charlemagne tangu mwaka 779. Kwa hiyo vita vya Agobard havikuwa vya mawazo matupu. Kulikuwa na wawili wanaodai ghala moja, padri na mganga, na mkulima alimlipa yule aliyeona anamkinga. Sisemi hili kumpunguzia Agobard heshima. Mtu anaweza kuwa na hoja nzuri na maslahi yake palepale.

Mwishoni anasimulia kisa ambacho kimeipa sura hii jina. Mwaka 810 ng'ombe walikufa kwa wingi katika nchi za Wafranki. Kumbukumbu za mwaka za dola zinataja kwamba hata ng'ombe waliofuata jeshi la Charlemagne waliangamia karibu wote. Ukazuka uvumi. Grimoald, mtawala wa Benevento kusini mwa Italia, ambaye alikuwa adui wa Charlemagne, ametuma watu wenye vumbi la sumu walimwage mashambani, milimani, malishoni na kwenye chemchemi. Watu wengi walikamatwa. Agobard anasema alisikia na kuona: baadhi waliuawa, na wengi wao walifungwa kwenye mbao na kutupwa mtoni wafe maji.

Hoja zake hapa zingeweza kusimama katika mahakama ya leo. Vumbi gani linaloua ng'ombe peke yao na kuwaacha wanyama wengine? Na lilibebwaje kutandazwa nchi pana kiasi hicho? Hata kama watu wote wa Benevento, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, wangetoka na magari matatu ya vumbi kila mmoja, lisingetosha. Lakini kilichomshangaza kuliko vyote ni kwamba waliokamatwa walikiri. Walisema ndiyo, vumbi tulikuwa nalo na tulilimwaga. Mateso hayakuwazuia kujisingizia, wala hofu ya kifo. Agobard aliona hapo nguvu za Ibilisi juu ya akili za watu. Sisi tuliosoma habari za watu walioungama chini ya kipigo mambo wasiyoyatenda hatuna haja ya kumtafuta Ibilisi mbali.

Sasa, Agobard hakuwa mtu wa sayansi aliyepotea njia akazaliwa karne ya tisa. Risala yake imejaa Maandiko tangu mwanzo hadi mwisho. Mvua ya mawe ya Misri ililetwa na Mungu kwa mkono wa Musa. Ukame ulikuja na kuondoka kwa sala ya Eliya. Mbingu zina Mwenyewe. Anayedhani mtu wa kijijini anaweza kuyaagiza mawingu amempa kiumbe kilicho cha Muumba, amemshirikisha Mungu. Huo ndio uliokuwa mzizi wa shaka ya Kanisa. Halikusema pepo hawapo, wala halikusema hakuna watu wanaojaribu kuroga. Lilisema hawana uwezo wanaojitapia, na kwamba kuamini uwezo huo ni kurudi upagani kwa mlango wa nyuma.

Sheria za wafalme zilifika mahali hapohapo kwa njia ya mkato, na mara nyingi kwa sababu ya mali. Sheria ya Wafranki iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya sita, enzi za mfalme Clovis, ilikuwa bado inayumba. Kwa upande mmoja ilimtoza anayemwita mwanamke huru mchawi bila kuthibitisha faini ya solidi 187 na nusu, fedha ya kumfilisi mtu. Kumwita mwanamume mbeba chungu cha wachawi, yaani mtumishi wao wa jikoni, kulitozwa solidi 62 na nusu. Kwa upande mwingine ilikuwa na faini ya solidi 200 kwa mchawi atakayethibitika amekula mtu, sawasawa na dia ya Mfranki huru. Mwandishi wa sheria aliamini mambo yote mawili, kwamba wala watu wapo na kwamba wazushi wapo.

Rothari, mfalme wa Walombardi kaskazini mwa Italia, alikata shauri waziwazi mwaka 643. Mtu asithubutu kumwua mtumwa wa kike au mtumishi wa mwenzake kwa kisingizio kwamba ni mchawi, kwa kuwa akili ya Mkristo haiwezi kukubali kwamba mwanamke anaweza kumla mtu aliye hai kutoka ndani. Ni sentensi ya ajabu kwa wakati wake. Lakini angalia inamlinda nani: mjakazi wa mtu mwingine, mali ya bwana wake. Atakayemwua anatakiwa kulipa. Uhai wa mwanamke huyo uliokolewa na hoja ya dini iliyoegemezwa juu ya daftari la hasara.

Karne mbili na nusu baadaye msimamo huo uliwekwa katika maandishi yaliyosomwa kuliko yote. Mnamo 906, Regino, aliyekuwa abate wa monasteri ya Prüm, alitunga akiwa Trier kitabu cha kumsaidia askofu anapozungukia parokia zake: maulizo ya kufanya, makosa ya kutafuta, adhabu za kutoa. Humo aliingiza kanuni moja akidhani imetoka Mtaguso wa Ancyra wa mwaka 314. Haikutoka huko, yaelekea ni kazi ya Wafranki wenyewe. Kosa hilo la kumbukumbu liliipa kanuni hiyo heshima ya uzee isiyostahili, na ikanakiliwa kila mahali.

Kanuni inaanza kwa kuwaagiza maaskofu wawafukuze parokiani mwao wanaoshughulika na uchawi na ramli, wanaume kwa wanawake. Kisha inageukia jambo jingine. Kuna wanawake, inasema, wanaosadiki na kutangaza kwamba usiku hupanda wanyama wakafuatana na Diana, mungu wa kike wa wapagani, pamoja na umati wa wanawake wengine, wakivuka nchi nyingi usiku wa manane na kumtii kama bibi yao. Wapwani wangesema wanakwenda kuwanga. Kanuni haiwatishii wanawake hao moto. Inasema wamedanganywa: Shetani huichezea akili iliyolala, na wao hudhani yale ya ndotoni yametendeka mwilini. Nani hajaona usingizini mambo ambayo hajawahi kuyaona akiwa macho? Anayeamini kwamba safari hizo ni za mwili ndiye aliyepotea imani.

Miaka mia hivi baadaye, Burchard, askofu wa Worms tangu mwaka 1000 hadi 1025, aliichukua kanuni hiyo akaipanulia mlango. Kitabu cha kumi na tisa cha mkusanyiko wake wa sheria za Kanisa ni mwongozo wa padri katika kitubio, na kwangu mimi hakuna maandishi ya enzi hizo yanayotuingiza nyumbani mwa watu kama hayo. Padri anauliza, muungamaji anajibu. Je, umetandika meza ya chakula na vinywaji na visu vitatu, ili wale dada watatu wa imani za kale wakija usiku wale? Je, umefanya kama wafanyavyo wanawake wengine, wanaojipaka asali mwilini, wakagaagaa juu ya ngano, wakaisaga ngano hiyo kwa jiwe linalozungushwa kinyume cha jua, wakaoka mkate na kumlisha mume ili adhoofike? Wakati wa ukame, je, mlimvua nguo msichana mdogo, mkamfunga mmea fulani kwenye kidole cha mguu wa kulia, mkampeleka mtoni mkamnyunyizia maji, kisha mkamrudisha kijijini akitembea kinyumenyume?

Tazama adhabu. Kwa ibada ya mvua, siku 20 za mkate na maji. Kwa mkate wa asali, siku 40. Halafu linakuja swali la namna nyingine: je, umeamini, kama wanawake wengi wanavyoamini, kwamba usiku ukiwa kitandani na mume wako kifuani, unatoka milango ikiwa imefungwa, unakwenda na wenzako kuua Wakristo bila silaha, mnapika nyama yao na kuila, na mahali pa moyo mnaweka nyasi kavu au kipande cha mti? Kwa kuamini hayo tu, siku 40 za mkate na maji na toba ya miaka saba mfululizo. Aliyejaribu kumdhoofisha mumewe kwa mkate alipata siku 40, na aliyeota kwamba anatoka usiku kula watu, akasadiki ndoto yake, akapata miaka saba. Kwa Burchard fikra hiyo ilikuwa hatari kuliko dawa yoyote, na ukikumbuka yaliyofuata karne tano baadaye huwezi kusema alikosea kipimo.

Hata hivyo mkulima wa zamani angeweza kumgeuzia padri maswali yake. Mbona nyinyi mnafanya hayohayo? Gregory, askofu wa Tours tangu 573, mwanahistoria mkubwa wa Wafranki, aliwadharau wapiga ramli walioitwa kwa wagonjwa. Yeye mwenyewe alipougua tumbo la kuhara damu karibu afe, alikunywa maji yaliyochanganywa na vumbi la kaburi la Mtakatifu Martino, akapona, akaandika habari hizo kwa furaha. Uingereza kuna maandishi ya karne ya 11 yanayoeleza tiba ya shamba lisilozaa au lililorogwa. Kata vipande vinne vya udongo wenye majani kutoka pande nne za shamba kabla hakujapambazuka. Vitonesheze mafuta, asali, hamira, maziwa ya kila mfugo wa hapo na maji ya baraka. Vipeleke kanisani, padri asome misa nne juu yake, kisha virudishwe kabla jua halijatua. Katika maneno ya kusemwa shambani, Mungu wa Wakristo na mama wa ardhi wanaitwa karibu kwa pumzi moja. Padri huyu hakuwa mnafiki. Yeye na mkulima waliishi katika ulimwengu mmoja, wenye nguvu zisizoonekana kila kona, na tofauti yao ilikuwa juu ya nani ana ruhusa ya kuziita.

Ndiyo maana shaka ya Kanisa haikumfaa kila mtu. Katika miaka ya 963 hadi 975 iliandikwa hati ya kubadilishana mashamba kati ya Æthelwold, askofu wa Winchester, na mtu aitwaye Wulfstan. Ni hati ya ardhi tu, lakini inaeleza kwa kifupi jinsi shamba la Ailsworth lilivyopatikana. Lilikuwa la mjane mmoja na mwanawe. Walishtakiwa kwamba walipigilia misumari ya chuma katika sanamu ya Ælfsige, baba yake Wulfstan. Sanamu ikatolewa chumbani kwa yule mwanamke. Mjane akazamishwa penye Daraja la London. Mwanawe akatoroka akatangazwa kuwa nje ya sheria. Shamba likaenda kwa mfalme, na mfalme akampa Ælfsige, huyohuyo aliyedaiwa kurogwa. Baadaye likafika mikononi mwa askofu. Hati haina sauti ya majuto wala ya chuki. Inathibitisha umiliki.

Jumba la mfalme nalo halikuwa salama. Mwaka 834, katika vita vya watoto wa mfalme Louis, mwana wa Charlemagne, dhidi ya baba yao, mmoja wa watoto hao, Lothar, aliuteka mji wa Chalon, juu ya mto uleule wa Saône unaopita Lyon. Humo alimkuta Gerberga, mtawa, dada yake Bernard wa Septimania, mtu mkubwa wa upande wa mfalme. Gerberga alitiwa katika pipa la mvinyo akatupwa mtoni, na Nithard, mwandishi aliyekuwa mjukuu wa Charlemagne, anasema alizamishwa kama wanavyozamishwa wachawi. Agobard wa Lyon alikuwa mfuasi wa Lothar. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshika kalamu kuutetea uasi wa watoto wa mfalme, na mwaka 835 alivuliwa uaskofu kwa sababu hiyo. Upande wake ndio uliofanya kwa makusudi, kwa mwanamke mmoja mwenye jina kubwa, kile ambacho yeye aliwakataza wakulima wake wasiwafanyie wageni wanne wasiojulikana.

Maonyo yaliendelea kutoka juu. Mwaka 1080 Papa Gregori VII alimwandikia Harald, mfalme wa Denmark, akimkataza kuwasingizia mapadri na wanawake kwamba wao ndio chanzo cha tufani na magonjwa, na kuwatenda ukatili kwa hilo. Miaka kumi baadaye, mwezi Juni 1090, majirani wa wanawake watatu wa kijiji cha Vötting, karibu na Freising huko Bavaria, waliwashtaki kwamba wanaua watu kwa sumu na kuharibu mazao. Wanawake walijaribiwa kwa maji, wakaonekana hawana hatia. Wakapigwa mijeledi ili waungame, hawakuungama. Umati ukawachoma kando ya mto Isar. Mmoja alikuwa mjamzito. Aliyeandika kisa hiki alikuwa mtawa wa monasteri jirani ya Weihenstephan, na yeye hakuwaita wachawi. Aliwaita mashahidi wa imani.

Kanuni ya Regino haikufutwa. Mnamo 1140 Gratian wa Bologna aliiweka katika mkusanyiko wake mkubwa wa sheria za Kanisa, na kuanzia hapo kila mwanasheria wa Kanisa aliisoma chuoni. Kwa hiyo Heinrich Kramer, mtawa wa Kidominiko aliyeandika kitabu cha kuwasaka wachawi kilichochapwa Speyer mwaka 1486 au mwanzoni mwa 1487, alikuwa na kizingiti cha kuvuka kabla hajafika popote. Alilazimika kufungua kitabu chake kwa kuuliza kama kukana kuwapo kwa wachawi ni uzushi, kisha akatumia kurasa nyingi kudai kwamba wanawake wa Diana waliotajwa katika kanuni ile walikuwa wa namna nyingine, na kwamba hawa wa siku zake wanasafiri kwa miili yao kwelikweli. Jinsi alivyojenga hoja hiyo, na kwa nini mahakimu waliikubali, ni habari ya sura ijayo.